Mwalimu na Mzazi: Historia ya Mazungumzo Yao Katika Nchi Yetu

Ni nadra kumpata mtu aliyepita katika shule za msingi za nchi hii asiyeijua barua ya mwalimu mkuu kwenda kwa mzazi. Juu huwa na anwani ya shule na tarehe. Chini yake huandikwa "Yah: Utoro wa mtoto wako", na mstari wa kwanza huanza kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kisha mzazi huamriwa afike shuleni siku fulani, saa 2:00 asubuhi, bila kukosa. Barua hukunjwa ikatiwa mkononi mwa yule yule mtoto anayeshtakiwa, naye huagizwa aifikishe nyumbani. Mimi nimekaa katika ofisi za serikali kwa muda mrefu, na lugha hiyo naijua barabara, maana ndiyo tunayoandikiana sisi makarani na wakubwa wetu. Yafaa sana kwa kuombea likizo na kuagizia samani. Lakini jinsi ilivyofika hata ikawa ndiyo lugha ya mwalimu anaposema na mama wa mwanafunzi wake ni jambo lenye historia. Historia hiyo yafaa ijulikane na walimu wetu, na vijana watakaokuwa walimu, kwa kuwa mazungumzo ya watu hawa wawili yakiharibika anayepotea ni mtoto.

Kabla ya kuwapo shule za namna tuzijuazo leo, wazee wetu walikuwa na walimu, na walimu hao walikuwa na njia zao za kusema na wazazi. Tutazame unyago. Katika makabila mengi ya pwani na ya kusini, msichana alipofikia kuchezwa alichaguliwa somo au kungwi wake. Mama mtu ndiye aliyemchagua, naye alimchagua mwanamke anayemjua tabia zake, aghalabu jirani au mtu wa ukoo. Tangu siku hiyo somo akawa mtu wa katikati. Yale ambayo mama aliona haya kumwambia bintiye aliyasema somo. Na yale ambayo binti aliona haya kumwambia mama yaliletwa kwa mama na somo, tena kwa wakati wake na kwa maneno ya kupimwa. Kazi hiyo haikuisha ngoma ilipokwisha. Iliendelea hadi arusi, hadi uzazi, na pengine hadi kufa kwa mmoja wao.

Katika jando pia wazazi hawakukaa pembeni kama watazamaji. Wavulana walipokuwa kumbini, baba na mama zao nao walikuwa na miiko ya kushika nyumbani, na iliaminiwa kwamba mzazi akivunja mwiko, kidonda cha mwanawe hakitapona upesi. Msomaji wa leo aweza kuicheka imani hiyo, na kwa upande wa tiba atakuwa na haki. Lakini atazame ilivyofanya kazi katika malezi: kwa muda wote wa mafunzo mzazi alijiona kuwa sehemu ya mafunzo, na mwalimu hakuwa na haja ya kumwita ili kumkumbusha wajibu wake.

Njia nyingine ya kale ni ile ya chuo cha Kurani katika miji ya mwambao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza mambo mengi ya malezi na mafunzo ya watoto wa zama zake. Mzazi alimpeleka mtoto kwa mwalimu kwa mkono wake mwenyewe, akasema naye uso kwa uso, akamkabidhi. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa mtaa ule ule. Baba wa mtoto alikutana naye msikitini, mazikoni na katika karamu za arusi, na habari za mtoto zikapita kati yao bila kuandikwa wala kuitishwa mkutano. Mtoto alipomaliza msahafu, wazazi walifanya karamu na mwalimu akapewa zawadi yake. Ndiko lilikotoka neno letu la kuhitimu. Sitaki kumfanya msomaji adhani kwamba chuo kilikuwa pepo. Fimbo ilikuwapo, tena nyingi, na mzazi aliyekabidhi mtoto mara nyingi alikabidhi na ruhusa ya fimbo. Ila hata katika jambo hilo palikuwa na makubaliano kati ya watu wawili wanaojuana.

Sasa twende kwenye shule ya kizungu, na hapa nataka kueleza jambo ambalo kwa maoni yangu halijatiliwa maanani ya kutosha. Shule za kwanza za namna hiyo katika pwani yetu zilianza na watoto ambao wazazi wao hawakuwapo. Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, wakakabidhiwa kwake na Sultani. Huko Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi mwaka 1868, kijiji chao nacho kilijengwa kwa watoto na watu waliokombolewa katika utumwa. Watoto hao walikuwa wamenyakuliwa bara, wengine kutoka Nyasa na Maniema, na mama zao hawakujulikana walipo. Mwalimu wa shule hizo hakuwa na mzazi wa kumpelekea habari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa baba na mama: aliwalisha, aliwavisha, akawapa majina, na baadaye akawaoza.

Kwa watoto wale lilikuwa jambo la huruma, wala halina lawama. Lakini shule iliyozaliwa hivyo ilijizoeza kuyaamua mambo ya mtoto peke yake, na mazoea hayo ilisafiri nayo bara, hata ilipofika kwa watoto wenye baba, mama, babu na wajomba tele. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzazi aliona mwanawe akipewa jina jipya, akikatazwa ngoma, akilazwa bwenini, na hakuna mtu aliyekuja kumwuliza.

Serikali ya Kijerumani, iliyoanza kuendesha shule katika mji wa Tanga katika miaka ya 1890, ilihitaji makarani, wakalimani na maakida. Haja hiyo ilikuwa ya serikali, na njia ya kuieleza ikawa njia ya serikali: amri ilishuka kwa akida, akida akaishusha kwa jumbe, naye jumbe akapeleka watoto kama alivyopeleka watu wa kazi. Yapo masimulizi katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki kwamba wakubwa wa ukoo walificha watoto wao wakapeleka wa watu wanyonge, ambao baadaye walirudi wakiwa na kalamu masikioni na mamlaka mikononi. Kicheko cha masimulizi hayo kisitufanye tusahau kwamba mzazi aliyemficha mtoto alikuwa anatoa jibu. Hakuulizwa kwa maneno, akajibu kwa vitendo.

Jibu la namna hiyo lilisikika wazi zaidi huko Zanzibar. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maofisa wa Kiingereza walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba watu wa mashamba hawataki elimu, kwa sababu madawati ya shule za serikali yalikaa matupu. Wakati huo huo vyuo vya Kurani vya vijiji vile vile vilijaa watoto. Wazazi hawakukataa kusoma hata siku moja; walikataa shule iliyomtaka mtoto aache Kurani. Ilichukua muda mrefu kwa wenye mamlaka kulielewa jambo ambalo mvuvi yeyote angeliwaeleza kwa dakika 5 kama wangeliketi naye. Kurani ilipopewa nafasi katika ratiba na walimu wa vyuo wakakaribishwa ndani ya shule, watoto walianza kuja. Katika historia yote ninayoieleza hapa sijui mfano ulio bora kuliko huo. Hapakuwa na amri mpya wala faini. Shule ilibadili jambo moja baada ya kusikia, na mzazi akaona kwamba amesikiwa.

Bara nako, chini ya Waingereza, lilifanywa jaribio ambalo walimu wetu wangefaa kulisoma kwa makini. Mwaka 1928 shule ya Malangali ilifunguliwa katika nyanda za juu za kusini, chini ya W. B. Mumford. Yeye aliamini kwamba shule isiwatenge vijana na kabila lao, basi akawashirikisha wazee wa sehemu zile katika maisha ya shule: mila, ngoma na matumizi ya mkuki vikawa na nafasi pamoja na masomo ya darasani. Ukilitazama kwa mbali, jaribio hilo lafanana na lile tunalolitamani. Mbona basi halikudumu? Kwa maoni yangu, wazee walikaribishwa kuja kusema juu ya jana tu. Juu ya kesho ya watoto, yaani kazi, mshahara, lugha ya Kiingereza na nafasi ya Mwafrika katika nchi yake, Mwingereza alikuwa amekwisha kuamua. Wazazi wengi wa wakati ule walimpeleka mtoto shuleni ili apate silaha ya kupambana na dunia mpya, wakaona anafundishwa mkuki ambao wao wenyewe wangeweza kumfundisha nyumbani. Kumheshimu mzazi kwa nusu ya mambo na kumnyamazisha kwa nusu iliyobaki ni heshima yenye kasoro.

Haingekuwa haki kupita miaka hiyo bila kulitaja gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, na wakubwa wake waliandika waliyoyataka. Lakini sisi tunaopenda mashairi twajua kwamba kurasa zake zilikuwa pia uwanja wa malenga, na watu wa kila pembe walijibizana humo. Nakala moja ilisomwa na wengi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mara nyingi msomaji huyo alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Akiwa barazani jioni na gazeti mkononi, mwalimu aliulizwa maswali, akabishwa, akatakiwa kueleza. Pale hakuwa na ubao wala kengele, na wazee hawakuwa wanafunzi wake.

Mwamko wa siasa ulipokuja, wazazi walianza kusema kwa sauti yao wenyewe. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata, 1955, kikaundwa chama cha wazazi wa Kiafrika kilichojulikana kwa herufi zake, TAPA. Wakati huo watoto wengi hawakupata nafasi hata ya darasa la kwanza, na waliopata walichujwa mapema. Wazazi wa TAPA hawakukaa kungoja. Walifungua shule zao, nyingine chini ya miti na nyingine katika vibanda vya makuti, wakatafuta kijana yeyote aliyekuwa na elimu kidogo awafundishie watoto. Wakoloni walizibeza shule hizo kwa upungufu wa vifaa na wa walimu waliofuzu, na upungufu huo ulikuwa wa kweli. Hata hivyo zilikuwa na jambo ambalo shule zilizojengwa kwa mawe hazikuwa nalo: mwalimu aliajiriwa na wazazi, akala kwa wazazi, na kama hakufundisha, aliulizwa jioni ile ile.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vikwazo vilianza kuondolewa. Ubaguzi wa rangi katika shule ulikomeshwa, na mwaka 1964 ada ya shule za sekondari ikafutwa. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliutia kidole ugonjwa wenyewe. Alieleza kwamba elimu tuliyoirithi ilimtoa mtoto katika jamii aliyopaswa kuandaliwa kwa ajili yake, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma, na kwamba mzee wake asiyesoma hana la kumfundisha. Hayo yalisemwa na mtu aliyepata kufundisha darasani, na ambaye watu waliendelea kumwita kwa jina la kazi hiyo hata alipokuwa Rais.

Lakini waraka, hata ukiwa na hekima namna gani, hauwezi kuzungumza na mtu asiyejua kusoma. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha 67 katika kila watu wazima 100 hawakujua kusoma na kuandika. Hebu tuirudie sasa ile barua tuliyoanza nayo. Katika nyumba nyingi aliyeweza kuisoma alikuwa mtoto mwenyewe. Mshtakiwa akawa karani wa mahakama. Mtoto mwaminifu aliisoma kama ilivyo. Mjanja aliisoma kama alivyopenda, na utoro ukageuka kuwa sifa, ama wito wa shuleni ukageuka kuwa ombi la jembe jipya. Mzazi aliyedanganywa hivyo alipokutana na mwalimu njiani alimshukuru kwa habari njema, na mwalimu akadhani anafanyiwa dhihaka. Uhasama mwingi wa miaka ile, naamini, ulizaliwa na karatasi iliyosomwa kinyume.

Ndiyo maana nasema kwamba tendo kubwa kuliko yote katika historia hii halikufanywa na mipango ya shule za watoto. Katika hotuba ya kuuaga mwaka 1969, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya 6, miongoni mwake Mafia na Ukerewe, zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971, kisha kampeni ikaenea nchi nzima. Katika mikoa ya Ziwa kazi ilikuwa imekwisha kuanza tangu mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, kwa njia ya kisomo chenye manufaa, ambapo herufi zilifundishwa kupitia kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Shule ya msingi ikafanywa kitovu cha elimu ya wakubwa na wadogo, na mwalimu aliyefundisha watoto asubuhi ndiye mara nyingi aliyefundisha wazazi wao alasiri.

Msomaji kijana ajaribu kupata picha ya jambo hilo. Asubuhi mtoto alimwamkia mwalimu wake shikamoo. Alasiri mwalimu yule yule, pengine kijana wa miaka 22, alisimama mbele ya ubao, lakini kabla ya kugusa chaki ilimbidi yeye awaamkie wanafunzi wake, maana walikuwa baba zake na mama zake kwa umri. Hakuweza kumwambia mzee mwenye wajukuu "wewe, simama!" Hakuweza kumchapa bibi aliyesahau herufi. Ikampasa atafute lugha nyingine: ya kuomba, ya kusifu kidogo kilichopatikana, ya kungoja. Na kwa kuwa masomo yenyewe yalihusu pamba na ndizi, mara nyingi mwanafunzi alijua kuliko mwalimu, na mwalimu akalazimika kuuliza. Kwa saa mbili kila kipindi, mara kadhaa kwa wiki, walikaa pamoja watu ambao hapo kabla walionana siku ya mashtaka tu.

Hapo habari za watoto zilipita zenyewe. Mama aliyekuwa akihangaika na herufi "nd" alifahamu kwa nini mwanawe anahitaji taa na kimya cha dakika chache usiku. Mwalimu aliyeona wanakisomo wakisinzia alifahamu uzito wa kazi za siku, na asubuhi hakuona ajabu mtoto wao alipochelewa wakati wa palizi. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi kiasi cha 39 katika kila 100. Takwimu hiyo imesifiwa sana, na ilistahili. Ila hakuna aliyehesabu ni barua ngapi za shule zilizosomwa kwa mara ya kwanza na mikono iliyoandikiwa.

Sambamba na madarasa, redio nayo ilitumika. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Siri yake ilikuwa kwamba redio ikizimwa, kikundi kilijadili kisha kikatenda: choo kikachimbwa, kisima kikasafishwa. Mwalimu aliyeongoza kikundi alikwenda na jembe lake. Kadhalika huko Kwamsisi, mkoani Tanga, yalifanywa katika miaka hiyo majaribio ya shule ya jumuiya, ambayo masomo yake yalitokana na shida na kazi za kijiji chenyewe.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto aliyefikia umri apate nafasi ya shule ifikapo mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Watoto wakafurika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliokuwamo katika shule za msingi walizidi milioni 3. Mimi ni mmoja wa mavuno ya mpango huo, kwa hiyo sina kinywa cha kuubeza. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa mazoezi katika shule za vijijini mwao. Watu waliwacheka kwa jina la "walimu wa UPE". Hata hivyo wengi wao walifundisha palepale walipozaliwa, na mzazi alimjua mwalimu tangu akiwa mchunga mbuzi. Tukiacha suala la ujuzi wao wa hesabu, ambalo lina kurasa zake, kwa upande wa mazungumzo na wazazi walikuwa na mtaji ambao mgeni mwenye cheti hakuwa nao.

Mtaji huo ulitumiwa vibaya. Madarasa yalihitajiwa, na serikali haikuwa na fedha za kuyajenga yote, basi yakajengwa kwa nguvu za wananchi. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini taratibu mikutano ya shule ikawa mikutano ya matofali. Mwalimu aliyetakiwa kuzungumza juu ya akili ya mtoto alisimama mbele ya wazazi akiwa na orodha ya waliotoa mchanga na wasiotoa. Mtoro alifuatwa nyumbani na mjumbe wa nyumba kumi, na mtaa mzima ukajua. Njia hiyo ilimrudisha mtoto darasani upesi, sikatai, ila baba mtu aliingia shuleni akiwa ameinamisha kichwa, na mtu aliyeinamisha kichwa hasemi ukweli wa nyumbani mwake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati za shule na ikalifanya hudhurio la mtoto kuwa la lazima; kwa bahati mbaya lazima ilifika vijijini mapema kuliko kamati.

Hali ya uchumi ilipoharibika, michango ya lazima ikarejea katikati ya miaka ya 1980. Kuanzia hapo mzazi alijua mambo mawili tu ya kumpeleka shuleni: fedha na adhabu. Akiitwa, ama anadaiwa ama mwanawe amekosa. Ndipo likazuka lile tendo la kumtuma shangazi au kaka mkubwa "akasikilize wanasema nini". Walimu walilalamika kwamba wazazi hawana mwamko. Neno hilo mwamko nimelisikia katika vikao vingi, na sijapata kumsikia mzazi akialikwa alijibu.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa tena, ulirekebisha sehemu ya mambo. Fedha ziliingia katika akaunti ya shule, kamati zenye wazazi zikasimamia matumizi, na mapato na matumizi yakatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Pale ambapo hesabu zilibandikwa kweli kweli, tena kwa maandishi yanayosomeka, wazazi walisimama mbele ya ubao wakahesabu mifuko ya saruji kwa vidole. Mtu aliyeonyeshwa hesabu huthubutu kuuliza na habari nyingine. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, mzigo wa michango ulipunguzwa, na wazazi wengi wakashukuru. Lakini kwa kuwa kwa miaka mingi mchango ndio uliokuwa kamba ya kuwavuta shuleni, kamba ilipokatwa baadhi yao waliona hawana tena la kufuata huko.

Siku hizi, hasa mijini, shule nyingi zimeunda makundi ya simu ambamo mwalimu huandika tangazo na wazazi 80 wakalipata kwa mara moja. Ni chombo kizuri, kwani hakipiti mkononi mwa mtoto. Nimeyasoma matangazo hayo. Mengi ni ile barua ya zamani iliyohamia simuni pamoja na kichwa chake cha habari. Na bibi anayelea wajukuu kijijini kwa simu ndogo ya tochi hayumo katika kundi. Ripoti za mwisho wa muhula nazo zingali zikileta maneno mawili, "ajitahidi zaidi", bila kusema ajitahidi katika nini, wala mzazi asaidie vipi. Mwalimu akiandika kwamba mtoto anasoma vizuri lakini hajui kugawanya, na kwamba nyumbani agawanye maharage katika mafungu kila jioni kabla hayajapikwa, hata mama asiyekwenda shule anayo kazi ya kufanya.

Mikutano ya wazazi nimehudhuria mingi, kwa kazi yangu na kwa kuwa mzazi. Ajenda zake zafanana: kufungua mkutano, taarifa ya mwalimu mkuu, taaluma, nidhamu, chakula cha mchana, na mwisho kabisa mengineyo. Mengineyo hufikiwa jua likiwa utosini, wakati kina mama wamekwisha kujifunga khanga kwa safari ya kurudi. Hapo ndipo huinuka mtu mmoja kuanza kusema lililomleta, na mwenyekiti humwomba afupishe. Katika shule moja ya kijijini nilikuta mwalimu mkuu ameyaweka mengineyo kuwa ajenda ya kwanza. Mkutano ulifunguliwa saa 3:00 asubuhi. Aliyetangulia kusimama alikuwa mzee mmoja, akauliza kama mwalimu anajua kwamba watoto wa ng'ambo huvuka mto wakati wa masika wakiwa wamebeba nguo kichwani, na kwamba hao ndio wanaochapwa kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu alijibu kwamba hakujua, akachukua kalamu. Saa 5:00 ilipofika taarifa yake ya kurasa 6 ilikuwa bado haijasomwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameondoka.